Swali la Vipengele Vitano

— Milioni mia nne! Mnasikia? Milioni mia nne za mablanketi, kwa nchi ambayo ukiacha yai juu ya bati saa sita mchana linaiva!

— Kaa chini, Saruji, unamwaga kahawa.

— Sikai! Na kikombe sirudishi mpaka mtu aniambie ni nani aliyelipanga lile swali!

Hapo ndipo tulipofika Alhamisi ile, saa nne na robo asubuhi, redio ikiwa bado ya moto. Benchi letu liko kati ya kibanda changu cha viatu na mlango wa kinyozi, na si benchi hasa, ni ubao wa jukwaa la ujenzi juu ya matofali manne. Ubao ni wa Saruji, fundi mwashi, na kwa sababu ni wake hukaa katikati kama bwana harusi. Kushoto hukaa Balozi. Jina lake lisikutishe. Alikuwa tarishi wa wizara miaka kumi na tisa, na siku moja alibebeshwa begi la balozi wa kweli kutoka kwenye gari hadi mlango wa uwanja wa ndege, hatua arobaini, na mpaka leo hajalitua. Kinyozi habanduki mlangoni pake. Anabishana huku ananyoa, na kichwa cha mteja ndicho kinacholipia hoja zake. Mbele yetu, juu ya kigoda, yupo muuza kahawa tunayemwita Utaratibu, maana hilo ndilo neno lake. Watu wawili wakisema kwa pamoja anagonga birika kwa koleo la makaa, "Utaratibu!", na asiyenyamaza hanywi. Mimi ni fundi viatu. Sina jina la utani, kwa sababu waliojaribu kunipa tulikosana.

Asubuhi ile tulikuwa tumesikiliza Bunge. Kwa kawaida kipindi cha maswali na majibu kikianza tunahamisha mshale wa redio, tunatafuta mpira. Lakini siku hiyo swali namba mia moja na kumi na nne lilikuwa letu. Liliandikwa hapahapa, juu ya ubao huu, kwa kalamu ninayochorea soli.

Swali lenyewe lilikuwa la Mama Cherehani, anayeshona nguo ng'ambo ya barabara. Binti yake ni dobi wa hospitali katika mji mmoja wa nchi za watu, na mji huo umezingirwa na vita mwezi wa pili sasa. Chakula hakiingii, mtu hatoki. Wiki tatu nyuma mbunge wetu alikuja kuzindua choo cha soko. Mama Cherehani akamvizia pale kwenye utepe, mkasi ukiwa mkononi mwa mheshimiwa, akamweleza. Mbunge akamwambia, "Mama, niletee swali kwa maandishi, ukurasa mmoja, usizidi. Nitaibana serikali." Mama akaja kwetu tumwandikie. Alisema sentensi moja tu, nami niliisikia kwa masikio yangu haya: "Iulizeni serikali, mwanangu na wenzake wanatolewa lini?"

Basi. Swali lilikuwa limekwisha. Lakini benchi letu lina sheria yake, tuliyojitungia wenyewe tangu siku za barua ya kudai mtaro wa mtaa: karatasi haitoki hapa mpaka kila mtu aweke neno lake, asije mtu kesho akasema hakushirikishwa. Kila mtu akaweka lake. Sentensi ya mama mmoja ikapata ndugu wanne.

— Nauliza tena, Saruji akasema. Swali la magari liliingiaje?

— Liliingia kwa mlango wa mbele, Balozi akajibu, akijipangusa goti ambalo halikuwa na vumbi. Ndugu yangu, mambo ya nje yana itifaki. Huwezi kuanza na watu. Unaanza na gari. Ubalozi bila gari ni kama ofisi ya kata.

— Kwa hiyo ukaiuliza serikali ubalozi una magari mangapi!

— Na hali ya magari hayo. Usinipunguzie maneno. Na nilijibiwa! Matatu. Mawili yanatembea, moja linasubiri kipuri. Wewe ulijibiwa nini? Mablanketi!

— Mimi niliuliza kitu cha maana! Niliuliza msaada wetu kwa wale wenye njaa ni kiasi gani na wa aina gani. Nilitegemea aseme unga. Nilitegemea aseme dawa. Hata saruji ningeelewa, nyumba zao zimebomoka.

— Fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi, Kinyozi akasema kutoka mlangoni, na wembe wake ukasimama juu ya sikio la mteja. Ndiyo maana wamepeleka mablanketi. Ya kufunikia nyasi.

— We Kinyozi nawe nyamaza! Wewe ndiye uliyetuaibisha kuliko wote. Kipengele cha (c) kilikuwa cha nani?

Kinyozi hakuona haya hata kidogo. Aliuangalia wembe wake kama mtu anayesoma hotuba juu yake.

— Cha kwangu. Na ninarudia mbele ya mashahidi: je, serikali haioni kwamba vita ile imeletwa na viongozi kutowasikiliza watu wa chini, wakiwemo vinyozi? Fikirini, wazee. Mkubwa yeyote, hata awe na jeshi namna gani, kuna mtu mmoja tu anayemwambia inamisha kichwa naye akainamisha. Mtu huyo akiulizwa ushauri, vita haipigwi. Wale wakubwa wawili wanaopigana kule wanajinyoa wenyewe. Nimeona picha zao gazetini. Visogo vyao vinasikitisha.

— Na ulijibiwaje?

— Nilijibiwa kwa heshima. "Serikali inathamini mchango wa makundi yote, wakiwemo vinyozi." Imeingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, hiyo. Wajukuu zangu wataisoma.

— Naomba unimalizie upande huu, akasema mteja, ambaye alikuwa na nywele nusu ya kichwa tangu kipindi kilipoanza.

— Subiri kidogo, kaka, tuko kwenye hoja ya kimataifa.

Utaratibu muda wote huo alikuwa anachochea makaa yasiyohitaji kuchochewa. Nikamjua. Mimi mtu akijificha nyuma ya kazi yake namwona haraka, maana ni mchezo wangu pia.

— Na wewe je, mwenyekiti? nikamwambia. Si na wewe una chako mle? Au tukusomee?

— Mimi niliuliza dogo tu.

— Uliuliza bei ya kahawa!

— Niliuliza vita imechangia vipi kupanda kwa bei ya kahawa, akasema polepole. Ni jambo la kibinadamu. Nyinyi si binadamu? Hamnywi?

— Na Naibu Waziri akakwambia nini?

— Alisema nilipeleke Wizara ya Kilimo.

Saruji alicheka mpaka akakaa bila kujua kuwa amekaa. Alipogundua akasimama tena, kwa hasira mpya.

Sasa nieleze mambo yalivyokwenda redioni, maana wote hawa walikuwa wakizunguka kidonda wala hawakigusi. Naibu Waziri alianza vizuri, sauti ya kushiba: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri wa Mambo ya Nje, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge, lenye vipengele (a) mpaka (e), kama ifuatavyo." Akasoma mablanketi, elfu ishirini. Akasoma magari. Akasoma vinyozi, Bunge likacheka. Akasoma kahawa, likacheka zaidi. Alipofika (e), kile cha Mama Cherehani, kicheko kilikuwa hakijaisha. Ilibidi nibandike sikio kwenye redio. Akasema: "Kuhusu kipengele cha (e), Mheshimiwa Spika, mpango upo, na maelezo yake yatawasilishwa kwa Mheshimiwa Mbunge kwa maandishi."

Mbunge wetu akasimama. Kwa sheria zao, aliyeuliza swali la msingi anapewa maswali mawili ya nyongeza. Hapo ndipo unapomkaba mtu. Jibu la kwanza amelisoma kwenye karatasi, nyongeza inamkuta bila karatasi. Nikasema moyoni, sasa! Naye kwa kuwa wenzake walikuwa bado wanacheka, na kicheko ni kitamu kwa mtu anayetafuta kura, akauliza la kwanza: hilo gari la ubalozi linasubiri kipuri gani? Na la pili: litatengemaa lini?

Naibu akajibu papo hapo, bila kusitasita. Kipuri ni pampu ya maji, na gari litarudi barabarani tarehe tano mwezi ujao.

Muda wa maswali ukaisha. Redio ikaweka muziki.

— Tusilaumiane sana, Balozi akasema, akishusha sauti kama anayetoa siri ya dola. Hamkusikia neno la msingi pale. "Mpango upo." Mimi nimefanya kazi wizarani, bwana. Neno hilo halitoki ovyo.

— Umefanya kazi ya kupeleka bahasha, nikamwambia.

— Na bahasha ndani yake kulikuwa na nini? Mipango! Sikilizeni. "Kwa maandishi" maana yake ni kwamba jambo ni nyeti. Redio ile inasikilizwa mpaka huko vitani. Angesema basi la kuwabeba litapita wapi, na maadui nao wangeandika. Kwa hiyo basi lipo. Pengine liko njiani sasa hivi tunavyoongea.

— Basi lipi? Saruji akasema. Barabara zimefungwa, madaraja yamevunjwa. Kama kuna mpango, ni wa chini kwa chini. Handaki.

— Handaki!

— Nakuambia kama fundi. Udongo wa kule ni mwekundu, unachimbika vizuri, hauporomoki. Watu sitini, zamu tatu, wiki sita umefika hospitalini, unatokezea kwenye chumba cha kufulia. Na sasa ndiyo naelewa yale mablanketi! Elfu ishirini! Ni ya kutandika chini, watu wakitambaa wasichubuke magoti.

Aliyekuwa akiyalaani mablanketi dakika tano nyuma sasa alikuwa ameyatandika handakini. Sikuamini masikio yangu.

— Hamna handaki wala basi, Kinyozi akasema. Ni rahisi kuliko hapo. Raia wetu wote kule wananyolewa vipara, wanavishwa mablanketi, wanatoka kama watawa. Hakuna askari duniani anayempiga risasi mtawa. Na nani anajua kunyoa watu elfu kwa siku moja? Ndiyo maana nikatajwa kwenye jibu! "Makundi yote, wakiwemo vinyozi." Jamani, ile ilikuwa ishara. Naweza kuitwa wakati wowote.

— Kabla hujaitwa unimalizie, akasema mteja.

— Na gari la tatu? Balozi akasimama, macho yanawaka. Gari la tatu je? Mnadhani kweli ni pampu ya maji? Gari la ubalozi likiharibika linaegeshwa. Likiegeshwa halitazamwi. Lisipotazamwa...

— Utaratibu! Utaratibu!

— ...lisipotazamwa, linaweza kubeba watu! Wanne nyuma, wawili kwenye buti, kila usiku, kimya kimya. Haba na haba hujaza kibaba!

— Hiyo ni kujaza, Saruji akasema. Sisi tunataka kumwaga.

— Na asiyekuwepo na lake halipo, Kinyozi akaongeza, akitikisa kichwa kama aliyefunga mjadala.

— Nani asiyekuwepo? nikamwuliza. Nani asiyekuwepo, Kinyozi? Mtoto wa mwenzako amefungiwa na mabomu, wewe unamwambia na lake halipo?

— Nilisema tu methali.

— Methali si pilipili, huimwagi kwenye kila sahani!

Nilikuwa nimeshika nyundo. Sikukusudia kitu, nilikuwa nagongea kisigino, lakini Utaratibu alinijazia kikombe haraka bila kuombwa, na hiyo ndiyo dalili kwamba uso wangu umeharibika.

Hapo cherehani cha ng'ambo kikanyamaza.

Mnajua kelele ukiizoea huisikii mpaka ikate. Tangu alfajiri cherehani kile kilikuwa kikikimbia, sare za shule thelathini na sita, na mwenyewe alitwambia, "Nyinyi sikilizeni redio, mimi mikono ikisimama nitalia. Mtaniambia." Sasa alivuka barabara, futi ya kupimia shingoni, pini tatu katikati ya midomo. Alifika akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye ukosi wa gauni lake. Hakuketi.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mama.

— Nimewaacha mbishane kwanza. Naona mmefika mahali pa kupiga kelele, nikajua jibu limetoka. Wamesema lini?

Balozi akakohoa.

— Mama, jibu limetoka. Jibu zuri sana. Wamesema mpango upo.

— Lini?

— Mpango upo, na maelezo yanakuja kwa maandishi. Sasa kuna uwezekano wa gari la...

— Kuna handaki, akasema Saruji, lakini alilisema akitazama chini.

Mama Cherehani aliwaangalia mmoja mmoja. Ni mwanamke mfupi, sauti yake ndogo, na kazi yake imemzoesha kumtazama mtu akajua ameongezeka wapi na amepungua wapi.

— Ngojeni niwaeleze jambo, akasema. Sikuwaambia jana kwa sababu nilijua leo jibu linatoka. Pale hospitalini umeme hakuna. Wanawasha jenereta Ijumaa kwa Ijumaa, saa kumi jioni, na kila mfanyakazi anapewa dakika mbili za simu. Ijumaa iliyopita mwanangu aliniambia kuna watu wanaondoka Jumamosi hii alfajiri, kwa miguu, mpaka mpakani. Siku mbili. Njia siku nyingine ni salama, siku nyingine wanaipiga. Akaniuliza, mama, niende nao au nisubiri serikali yetu? Nikamwambia subiri nikuulizie. Kesho saa kumi atapiga.

Utaratibu akaondoa birika kwenye makaa.

— Kwa hiyo sihitaji mengi. Nimwambie asubiri, au nimwambie atoke?

Swali lilikuwa hilo. Halina (a) wala (b). Nilimtazama Balozi, akawa anasoma maandishi ya pakiti ya sukari. Kinyozi alirudi kwa mteja wake kwa mara ya kwanza asubuhi nzima, akamnyoa kwa bidii kana kwamba mtu yule anaoa. Saruji, mwenye ubao, mwenye sauti, mwenye handaki la zamu tatu, alikuwa anakwangua tone la kahawa kwenye ubao kwa ukucha.

— Akisubiri, akasema mwishowe, na kama hawaji...

— Ndiyo.

— Na akitoka, na kama wanakuja...

— Ndiyo, baba. Hapo ndipo nilipo tangu Ijumaa.

Utaratibu akasema kwa sauti ya chini kabisa:

— Kwani wewe ulituambia tuulize nini, mama? Si uliuliza lini? Mbona Naibu hakujibu lini?

— Hata mimi nashangaa, akasema Saruji, na hasira yake ikapata mahali pa kushika. Tena nilianza na hilo asubuhi hii! Nani aliyelipanga lile swali? Nani aliyeweka la mama mwisho, baada ya kahawa? Na lile neno "lini" liko wapi? Naibu alisoma, "Serikali ina mpango gani kuhusu raia wetu walioko huko?" Ukimwuliza mtu ana mpango gani, atakwambia upo! Mimi nikimwuliza kibarua ana mpango gani na ukuta wangu, miaka mitatu atakuwa na mpango! Nani alilitoa lile neno?

Ningeweza kunyamaza. Karatasi ilishakwenda, na hao wote kila mmoja alikuwa na dhambi yake ya kutosha kubeba na hii. Lakini nina miaka ishirini na miwili kwenye kibanda hiki, na kiatu nikikiharibu namwambia mwenyewe nimekiharibu.

— Mimi, nikasema.

— Wewe?

— Mimi ndiye niliyenakili. Ukurasa ulikuwa mmoja na nyinyi mlikuwa mmeujaza. La mama nikaliweka mwisho kwa sababu nilifikiri jambo zito hukaa mwisho, kama mgeni rasmi. Halafu nafasi ilibaki mistari miwili. Nikaandika, "Mwisho kabisa, na kwa unyenyekevu mkubwa." Maneno hayo peke yake yakala mstari mzima. Na "lini" nililiona... Nililiona ni neno la kumdai mtu. Nikasema hii ni serikali, huwezi kuishika ukosi. Nikaweka "mpango gani." Lilipendeza.

Jamani, mimi! Mimi ninayemfukuza mteja anayeniambia "nitakuja siku yoyote." Mimi ambaye bei yangu nimeiandika ukutani kwa mkaa ili tusizungushane. Siku moja nilipopata nafasi ya kuiambia serikali neno, nikavaa tai.

Nilitegemea anitukane. Ningetulia. Mama Cherehani alivuta futi yake shingoni, akaikunja, akaitia mfukoni.

— Mwandiko ulikuwa mzuri, akasema. Nani ana namba ya mbunge?

Namba ya mbunge sote tunayo. Iko kwenye kalenda aliyogawa wakati wa uchaguzi, na kalenda iko kwa Kinyozi, juu ya kioo, mheshimiwa akitabasamu mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili. Kinyozi aliisoma, Mama Cherehani akabonyeza. Simu ikaita mara nane. Akaiweka kwenye kipaza sauti, juu ya ubao, katikati ya vikombe.

— Ndugu yangu! sauti ya mbunge ikatoka, nyuma yake watu wanacheka na vijiko vinagonga sahani. Nani mwenzangu?

— Ni Mama Cherehani. Wa swali.

— Aaa, mama! Umesikia? Niambie, umesikia nilivyowabana? Pale kwenye gari! Naibu alitoka jasho, mama. Waandishi wote wananitafuta. Hata mawaziri wananipa mkono hapa, wanasema swali lako limechangamsha Bunge.

— Nimeambiwa. Nataka kujua lile la mwanangu.

— La mwanao linakuja kwa maandishi. Hilo limekaa vizuri. Kanuni zinasema ndani ya siku ishirini na moja za kazi serikali lazima...

— Mwanangu ana mpaka kesho saa kumi.

Vijiko viliendelea kugonga. Mama Cherehani akamweleza: jenereta, dakika mbili, Jumamosi alfajiri. Alieleza mara moja, kwa mpangilio, kama anavyoeleza mteja bei ya mkono mfupi na bei ya mkono mrefu.

— Pole sana, mama, mbunge akasema, na sauti ilikuwa imepungua sukari. Pole sana. Hili ni jambo zito. Sasa unajua, masuala ya nje yana taratibu zake. Mimi kama mbunge kazi yangu ni kuuliza...

— Mwulize na kipuri cha gari, Balozi akanong'ona, mazoea tu, akainama haraka baada ya Saruji kumkanyaga mguu.

— Mheshimiwa, akasema Mama Cherehani. Ulikuwa na maswali mawili ya nyongeza.

— Naam?

— Mawili. Ya kwako mwenyewe, hayakuandikwa na mtu hapa. Yote umeyatumia kwa gari. Ukauliza gari linatengemaa lini, na wakakujibu. Tarehe tano. Kwa hiyo wanajua kujibu lini. Gari lina tarehe, mheshimiwa. Mwanangu hana.

Vijiko vilikuwa havisikiki tena, au labda mbunge alikuwa amesogea pembeni.

— Mama, hapo... Ni kweli kwamba...

— Huyo Naibu Waziri yuko wapi sasa hivi?

— Yuko... yuko hapahapa, kantini. Meza ya tatu. Lakini mama, mtu anakula, na hili halina utaratibu wa...

Utaratibu, muuza kahawa, aliposikia jina lake aliliweka koleo chini na kuinamisha kichwa.

— Mwache ale, akasema Mama Cherehani. Simama mbele yake mpaka amalize. Kura yangu nilikupa siku ileile uliyoiomba, sikukwambia siku ishirini na moja za kazi. Sikudai choo, wala blanketi. Nakudai neno moja. Wanatolewa lini? Tarehe, au aseme kwa mdomo wake kwamba haipo. Simu siikati. Nenda, uniletee.